Besi Juu ya Moshi

Nilitoka Mpanda nikiwa na tiketi ya Dar es Salaam. Basi liliharibika porini kabla ya Tabora, abiria tukashinda kwenye kivuli chake, tukisogea kadiri jua lilivyosogea. Lilipofika Manyoni likaharibika tena. Dodoma tuliiona asubuhi ambayo tulipaswa kuwa tumeshasahau safari. Gairo wanawake walituinulia karanga na mahindi ya kuchoma dirishani. Nikanunua karanga, nikazila hadi zikaisha, na nilipotazama nje nchi ilikuwa imeanza kuwa kijani. Msamvu, kituo cha mabasi cha Morogoro, dereva akatangaza tushuke tule.

Nilikula wali na maharage nikiwa nimesimama. Juu ya mapaa ya kituo, milima ya Uluguru ilikuwa karibu kuliko nilivyotegemea. Wingu lilikuwa limeilalia mabegani, na chini ya wingu mashamba yalionekana mteremkoni kama viraka vya nguo. Nilikuwa nimeishi nchi tambarare kwa miaka mingi. Nikarudi kwenye basi nikateremsha begi langu.

"Kaka, Dar bado," kondakta aliniambia.

"Najua."

"Tiketi hairudishwi."

"Najua."

"Una ndugu hapa?"

"Sina."

Alinitazama kidogo, akagonga ubavu wa basi, likaondoka. Watu wengi wameniuliza sababu ya uamuzi ule na sijawahi kuwa na jibu zuri. Nimeshahama miji mingine kwa sababu ndogo kuliko mlima.

Ndani ya begi kulikuwa na nguo, nyundo, msumeno, randa ndogo, na soksi moja yenye vyuma vinne. Vyuma hivyo ni vile vifungio vya kukazia nyuzi za gitaa; sisi wapigaji tuliviita masikio. Vilikuwa vya gitaa la besi nililokuwa nikipiga kwenye bendi ya baa kule Mpanda. Bendi ilikufa siku mwenye baa alipogundua kwamba spika kubwa na flashi vinatosha kuwachezesha wateja. Gitaa lenyewe lilianguka kutoka kwenye pikipiki likapasuka. Mbao niliziacha barabarani, masikio nikayang'oa. Sikuwa na mpango nayo.

Nilipanga chumba mtaa wa Mafiga, kwenye nyumba ya mama mmoja mjane aliyekaa nasi wapangaji uani kama mwalimu wa zamu. Kazi yangu ilikuwa kufunga dari, na mji ulikuwa unajengwa, kwa hiyo sikukaa bure. Jioni nilirudi nikiwa mweupe kwa vumbi la jipsamu, naoga bombani, halafu nakaa kizingitini bila la kufanya. Nadhani gitaa lilianza hapo. Nilikuwa na masikio manne ndani ya soksi na jioni ndefu.

Nilitaka besi ya kisanduku, isiyohitaji umeme, inayosikika yenyewe. Sikuwahi kutengeneza hata kigoda. Kwenye simu niliona video za wazee wa ng'ambo wakipinda mbao kwenye bomba la moto, wakisema lugha nisiyoijua, nami nikatazama mikono yao. Kwa seremala wa jirani nilipata mabaki ya mkangazi, akanipitishia kwenye mashine hadi yakawa membamba kama ganda. Bomba nilipata kwenye gereji: kipande cha ekzosi ya lori, nikakijaza mkaa unaowaka. Mbao unailoweka, unailaza juu ya bomba, unaisukuma polepole, na ukiwa na haraka inapasuka. Nilipasua nyingi. Mama mwenye nyumba aliutumia ubao uliopasuka kuwashia jiko, na kila alipopita aliuliza.

"Fundi, hilo jeneza la nani?"

"La mbuzi, mama."

"Basi mzike mbali na bomba langu la maji."

Mbavu, yaani mbao za ubavuni mwa kisanduku, zilipokubali kupinda, nilizibana kwenye umbo nililochora sakafuni kwa chaki, kubwa kuliko gitaa la kawaida, kiuno kipana. Kilichonishinda ni uso wa kisanduku, ubao wa mbele ambao ndio unaotoa sauti. Nilinunua paini sokoni, nikaipiga randa na msasa hadi ikalainika, nikaiacha chumbani, na baada ya siku chache ikajikunja kama chapati iliyosahauliwa. Ilikuwa mbichi. Nikanunua nyingine, nayo ikajikunja. Nikaweka mbavu chini ya kitanda.

Asubuhi kabla ya kwenda kazini nilikuwa na tabia ya kuimba kwa kuguna nikinyoa ndevu uani. Kuna mama mmoja aliyeteremka kutoka mlimani na kapu la karoti, kabichi na liki, akipita nyumba kwa nyumba. Alikuwa rika langu, mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha hata akiuliza bei ya sabuni. Siku moja aliweka kapu chini, akanisikiliza hadi nikaona aibu.

"Wewe ni sauti ya nne," alisema.

"Mimi ni fundi dari."

"Hiyo ni kazi. Nasema koo."

Alikuwa mwalimu wa kwaya ya kigango chao, kanisa dogo la bati nyuma ya bega la mlima niliouona kila siku. Alinieleza shida yake huku akinipimia karoti ambazo sikuziomba. Kwaya ilianzishwa na mama yake na wenzake. Ilikuwa na sauti zote nne, ile ya nne ndiyo besi, hadi wanaume wakaanza kuteremka mmoja mmoja: huyu mashamba ya miwa, huyu bodaboda mjini, huyu Dar. Walibaki wanawake na wazee wawili wenye kikohozi. Sasa padre alikuwa ametuma neno kupitia katekista kwamba kwaya za vigango zisizotimiza sauti nne zitaunganishwa na kwaya ya parokia. Angepanda mwenyewe kwenye sikukuu ya mtakatifu somo wa kigango, asikilize, aamue.

"Kuunganishwa si vibaya," nilisema.

"Nani atashuka mlima kwa mazoezi na kurudi na mtoto mgongoni? Kwaya itakufa, wataiita imeunganishwa."

Nilimwambia sijaingia kanisani kwa muda mrefu. Akasema hakuuliza hilo. Ndipo mama mwenye nyumba, ambaye mazungumzo ya wapangaji wake hayakumpita, akasema kutoka jikoni, "Mwonyeshe jeneza."

Nilitoa zile mbavu chini ya kitanda. Yule mwalimu alizigonga kwa kidole, akauliza itaimba nini. Nikamgunia. Akauliza inahitaji umeme. Nikasema hapana, inahitaji ubao mkavu.

"Ubao mkavu upo kwetu," akasema. "Upo mkavu tangu sijaolewa."

Jumapili iliyofuata nilipanda. Pikipiki inakufikisha njia inapoishia, halafu ni miguu, kati ya matuta ya karoti na migomba, maji yakipiga kelele pembeni mwa njia muda wote. Nyumba yao ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na jiko limejengwa peke yake nyuma. Mama yake mwalimu, bibi mdogo wa umbo, alikuwa amekaa jikoni humo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwanaume mwenyewe?"

"Ndiye wa mbao, mama," mwalimu akamjibu haraka, na watu nje wakacheka.

Juu ya moto kulikuwa na dari ya fito, nyeusi tii, inayong'aa kama imepakwa lami. Mimi nilikuwa nafunga dari za jipsamu zenye maua na taa, nikaitazama ile kwa macho ya kazi. Kila kitu cha thamani cha nyumba kilikaa pale juu ya moshi: mahindi ya mbegu, maharage, vitunguu, mpini wa jembe. Unyevu wa mlima hauachi kitu; kisichokaa moshini huota ukungu au huliwa na wadudu. Kutoka nyuma kabisa waliteremsha ubao mpana wa mti wa msederela, uliowekwa kwa ajili ya mlango ambao haukuwahi kutengenezwa. Niliugonga. Ulilia kama chungu kitupu.

Bibi alisema ubao si wake, ni wa lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama, kwa sababu mti uliota kwenye ardhi ya lukolo. Alinieleza utaratibu wao kama anavyoelezwa mgeni mahali choo kilipo: mtu wa kuja anaweza kupewa shamba alime mahindi, alime maharage, lakini hapandi mti. Mti unabaki, na mwenye mti ana neno juu ya ardhi. Na kitu cha mti wa lukolo kinakaa kwenye lukolo. Nikasema sawa, kama mtu anavyopokea chai. Mimi sikuwa nimepanda mti mahali popote.

Ubao ule haukujikunja. Niliupiga randa uani Mafiga na chini ya masizi ulikuwa mwekundu, una harufu tamu iliyochanganyika na moshi. Niligundisha kwa gundi nyeupe ya mbao, nikafunga kisanduku chote kwa mikanda ya tyubu za baiskeli, mzunguko juu ya mzunguko, hadi mama mwenye nyumba akasema sasa mbuzi amevaa bendeji. Shingo ilikuwa ya mninga, juu yake ubao wa mpingo, na vizuizi vya noti nilivikata kwenye spoku za baiskeli. Masikio yalitoka kwenye soksi. Nyuzi zilinisumbua, kwani za chuma za dukani zingeng'oa uso wa kisanduku, mpaka nikaona watu wa manispaa wakifyeka nyasi kwa mashine. Uzi unaozunguka kwenye mashine ile ni nailoni, na duka la pembejeo linao wa unene tofauti. Nilinunua aina nne.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya mzee anayeguna kukubali jambo kwenye kikao. Haikuwa kubwa. Lakini mama mwenye nyumba aliyekuwa anachambua mchele alisimamisha ungo.

"Kumbe lilikuwa hai," alisema.

Nikaanza kupanda kila Jumapili. Wimbo wa kwanza nilipopiga nao, wanawake walitazamana; walikuwa wamezoea kuimba kama watu waliosimama kwenye ngazi isiyo na kipago cha chini. Mwalimu alirudia tu wimbo uleule mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Aliamua pia, bila kuniuliza, kwamba nimfundishe mdogo wake, aliyekuwa na mtoto wa kunyonya. Yule dada alijifunga mtoto mgongoni na kushika besi kifuani. Vidole vyake vilikuwa na sugu za jembe tayari. Nilimwimbia noti kwa mdomo, naye akatafuta kwenye uzi hadi akapata. Kazi yangu ya dari ilipozidi nikaiacha besi kwao ili afanye mazoezi, maana kuipandisha na kuishusha ilikuwa taabu.

Jumapili moja kabla ya sikukuu, nilipofika, mwalimu hakuwepo. Mdogo wake alinipokea begi bila kunitazama. Jikoni bibi alikuwa amekaa mahali pake, na besi ilikuwa mapajani mwake, imelala kama mgonjwa. Uso wa besi ulikuwa umeachana na mbavu upande mzima. Kipande cha mpingo kinachoshika nyuzi kilikuwa kimeng'oka na kuning'inia nazo. Gundi ilikuwa imelainika kama ugali uliolowa mchuzi. Kisanduku kizima kilinuka moshi.

"Mliiweka wapi, bibi?"

"Darini," akasema. "Mvua zimekuwa nyingi. Ukungu ulianza kuota shingoni, nikaona itaharibika. Mbao yenyewe ilitoka kule. Nikairudisha kwao."

Nikapitisha kidole kwenye ufa. Nyumba nzima, kilichopendwa kilipandishwa juu ya moto; besi wangeiacha chini ukutani kama ingekuwa haina maana kwao. Mbao haikudhurika. Gundi ya dukani ndiyo haikuwahi kuishi kwenye jiko la Mluguru.

Mwalimu nilimwona kwa mbali, mteremkoni, analima. Ilikuwa Jumapili na yeye hakuwa mtu wa kushika jembe siku ya Bwana. Sikwenda kumsemesha.

Nilimwambia mwenye kazi mjini kwamba naumwa, nikabaki mlimani. Nilikwangua gundi ya zamani, nikapaka mpya, nikabana kwa tyubu, juu nikaweka viroba vya maharage. Ukungu uliingia mlangoni na kutoka dirishani. Gundi ile ikikauka hugeuka kuwa kama kioo. Hii ilibaki nyeupe, asubuhi nyeupe, jioni nyeupe. Mwalimu alikuja, akachungulia ufa, akaondoka.

"Huku vitu havikauki vyenyewe," bibi akasema hatimaye.

"Nikiisogeza motoni italainika tena."

"Juu italainika. Umesikia mtu amesema juu?"

Akaivuta ile besi hadi ukutani pembeni mwa jiko, akaweka mgongo wa mkono wake kwenye mbao, akaisogeza kidogo, akaweka tena. Akaondoa kijinga kimoja cha moto. Siku ile na iliyofuata alikaa pale akiigeuza upande huu na ule kama anayekausha nepi, na aliyeingia akakoleza moto alitolewa kwa maneno. Gundi ikaanza kupoteza weupe, ncha kwanza, halafu katikati. Nilipofunga nyuzi, sauti haikuwa ile ya Mafiga. Ilikuwa kavu zaidi, imekaa mbele. Sijui kama ni moshi, ni kugundishwa mara ya pili, au ni masikio yangu yaliyokuwa yamechoka.

Jumamosi, kwenye mazoezi ya mwisho, nilinyoosha mkono kuichukua. Mwalimu akanizuia.

"Kesho anapiga mdogo wangu."

"Na mimi?"

"Unakaa na watu."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Ila mama mwenye nyumba wako anasema begi lako halijawahi kuingia kabatini."

"Sina kabati, mwalimu."

"Ndiyo hicho ninachosema."

Kwaya nzima ilicheka, na yule dada wa besi alicheka hadi mtoto akaamka.

Kwa hiyo siku ya sikukuu nilikaa upande wa wanaume, kati ya wale wazee wawili wa kikohozi. Padre alikuwa amepanda kwa miguu, viatu vina matope. Wimbo wa kuingia ulikwenda vizuri. Kwenye wa matoleo yule dada alipotea, nikasikia sauti tatu zinatembea zenyewe, na mwalimu akageuka kumtazama huku mikono yake ikiendelea kupiga hewa. Vidole vyangu vilikuwa vimeshaenda mahali penye noti, juu ya goti langu. Halafu yule dada akaipata tena noti, chini, kavu, na wanawake wakaikalia. Mzee wa kulia kwangu akaanza kuifuata kwa kuguna. Nikaondoa mkono gotini.

Baada ya misa tulikula nje. Padre alisafisha sahani yake, akauliza, "Hii sauti ya nne mmeitoa wapi?"

"Darini," bibi akajibu.

Padre alicheka kwa adabu, bila kuelewa, akaomba chai. Suala la kuunganishwa hakuligusa siku ile, na katekista alisema baadaye kwamba jina la kigango chao lilibaki mahali pake kwenye ratiba ya kuimba.

Niliendelea kupanda Jumapili chache, kusikiliza. Kisha nikapunguza. Dari za Morogoro zilikuwa zilezile. Nilianza kusimama Msamvu jioni bila sababu, nikisoma vibao vya mabasi. Nilikuwa pia nafikiria ile besi. Ndicho kitu cha kwanza nilichowahi kukitengeneza hadi mwisho, na mara kwa mara nilijikuta napima kwa macho kama ingeingia kwenye buti la basi. Ingeingia.

Siku niliyoondoka nilikuwa nimekaa kizingitini, begi tayari, mwalimu alipoingia uani na kapu lake. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshamwambia. Sikuwa na haja ya kutangaza.

"Unakwenda wapi?"

"Makambako. Kuna kazi ya dari."

"Halafu?"

"Sijui."

Nilimpa bunda la uzi wa kufyekea nyasi, aina zote nne, nikamweleza duka lilipo na namna ya kuuliza, wasimpe ule wenye pembe. Aliuchomeka kwenye kapu, chini ya liki.

"Mama aliuliza kama utaitaka besi," alisema. "Nikamwambia huitaki."

"Ningeitaka."

"Najua."

Mama mwenye nyumba alijifanya anafuta bomba. Mwalimu akajitwika kapu, akalisawazisha, akanitazama kama alivyonitazama ile asubuhi ya kunyoa ndevu.

"Nenda, fundi. Sauti ya nne tunayo."

Akaingia uani kwa jirani, nikamsikia anauliza kama wanahitaji karoti. Ndani ya begi nilikuta ile soksi, tupu. Nikaitafuta ya pili yake, nikakumbuka ilipotelea Mpanda. Nikaiacha juu ya kizingiti, nikashika njia ya Msamvu.